Mstari wa Tatu katika Daftari la Lambo

Mwanamke wa kwetu akitoka kuteka maji huweka tawi la majani juu ya ndoo, maji yasimwagike njiani na jua lisiyapige. Ndivyo alivyofikiri Kabula, mjane wa Machibya, mwaka 1992, aliporudi kutoka Lamadi kuuza kuku akiwa na magugu maji ndani ya beseni. Alikuwa ameyaona ziwani, mapana, ya kijani, na maji chini yake baridi. Lambo letu, bwawa la kuchimbwa hapa Nkololo, lilikuwa linakauka kila mwezi wa tisa. Akasema tulifunike kama ndoo.

Alileta jambo hilo mbele ya kamati ya lambo. Mimi, Januarius Ngeleja, nilikuwa katibu. Nilijifunza kusoma nikiwa na miaka thelathini na minne, katika darasa la jioni, kwa taa ya chemli, baada ya kushinda shambani. Kijiji kizima kilijua kwamba jambo likiingia kwenye daftari langu, limekwisha. Nilisimama nikasema wazo la mayu Kabula, mama Kabula kwa lugha yetu, ni la kitaalamu. Kisha nikaandika, katika mstari wa tatu: "Kamati imekubali mimea hiyo ipandwe, kwa pendekezo la katibu." Nikawasomea wote kwa sauti.

Majani yale yalizaana. Mwaka wa kwanza tulifurahia maua yake ya zambarau. Wa pili yalifunika nusu ya lambo. Zamani, ngoma ya usafi wa lambo ikilia, kila nyumba ilitoa mtu na jembe, na asiyetokea alitozwa mbuzi. Lakini soko huria lilikuwa limeingia. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuja na malori yao, na vijana walishinda vituoni wakisubiri kupakia magunia. Bwana maji wa wilaya alikuwa amepunguzwa kazini. Tulitoka wazee watupu, tukang'oa siku mbili, tukayarundika kando ya maji. Mvua ikaja ikayarudisha yote ndani.

Mwaka 1995 ng'ombe hawakuweza tena kujua ukingo unaishia wapi. Waliingia wakidhani ni malisho, wakazama kwenye tope. Na maji, badala ya kubaki, yalipungua mapema kuliko miaka yote. Ng'ombe wanne wa Mboje walikufa katika wiki moja. Mboje alikuwa mtemi wa sungusungu, walinzi wa kijiji chetu. Aliitisha mkutano palepale lamboni.

"Haya majani yana mwenyewe," alisema. "Nani aliyatoa ziwani? Na macho yake mmeyaona yalivyo mekundu?"

"Ni moshi wa mavi ya ng'ombe, mwanangu," Kabula alijibu. "Hata mama yako ndiyo anayopikia. Mtazame na yeye."

Watu wakacheka. Mboje hakucheka.

"Kamati ilinikubalia," Kabula akasema. "Imeandikwa. Muulizeni katibu, si ndiye msomi wenu?"

Nikafungua daftari. Sikuwa nimewahi kukosea mbele ya watu wale. Niliwaona ng'ombe wa Mboje wamevimba katikati ya majani, na nikaona macho ya watu yakihama kutoka kwa Kabula yakija kwangu. Nilisoma mstari wa kwanza: kikao kimefunguliwa saa nne. Nikasoma wa pili: mayu Kabula ameleta mimea kutoka ziwani. Nikauruka wa tatu, nikasoma wa nne: kikao kimefungwa.

"Soma tena, baba Felisita," Kabula akasema kwa upole. "Siku ile ulisoma na mengine."

"Nimesoma kilichoandikwa."

Alinitazama. Hakujua herufi hata moja. "Basi," akasema, "labda daftari limezeeka."

Akatengwa kama mchawi. Kwetu mtu akitengwa hapewi moto, hapewi maji, hasalimiwi. Akipiga mwano, lile yowe la kuomba msaada ambalo kila mwenye masikio lazima alikimbilie, hakuna anayetoka.

"Nenda kaseme," mke wangu Nyanjige aliniambia.

"Nitasema pamba ikishauzwa."

Mwezi wa tisa, saa tisa mchana, nilikuwa uani nachonga mpini wa jembe. Nikasikia mwano kutoka lamboni. Sauti ya mwanamke. Majirani walitoka milangoni, wakasikiliza, wakamtambua, wakarudi ndani. Yowe likaja mara ya pili. Nilisema moyoni kwamba akitoka mmoja tu, nami nitatoka. La tatu lilikuwa fupi. Ndipo nilipokimbia.

Mtamba wake, ng'ombe pekee aliyebaki naye, alikuwa ameshafika ukingoni, ametapakaa tope, anatetemeka, kamba ingali shingoni. Mwenyewe hakuonekana. Majani yalikuwa yamejifunga tena. Nilimtafuta kwa ule mpini mpaka jua likashuka. Alikuwa hatua chache tu kutoka ukingoni, mizizi imemzonga miguu.

Aliyetengwa hazikwi na kijiji. Tulichimba kaburi mimi na Nyanjige, na udongo wa mbuga wakati wa kiangazi ni kama jiwe. Mboje alikuja na wenzake wawili, wakasimama kututazama. Nikatoka shimoni, nikaenda kuleta daftari, nikawasomea mstari wa tatu.

Mboje akanisogelea.

"Kwa hiyo?" akasema. "Aliyeandika ni wewe, aliyepanda ni yeye. Sasa umezika mtu aliyetengwa. Faini yake unaijua, mzee. Ng'ombe dume mmoja, kesho kabla jua halijawa kali."

Nilimpeleka. Walimchinja kando ya lambo, pale nilipomtoa Kabula, na kijiji kizima kikaja kula. Nami nilipewa kipande changu, maana aliyelipa faini amesamehewa. Watu walinitazama waone kama nitakula.

Nilikula.