Tundu la Kidole Kimoja

Dada yangu aliifumua sweta ya binti yangu yote, mpaka uzi wa mwisho, akaifuma upya. Tangu siku hiyo mimi na yeye hatusemeshani, na sioni kitakachotusemesha.

Sweta hiyo ilianzwa na mke wangu. Alikuwa kitandani, mgonjwa, na mikono ndiyo ilikuwa bado inamtii. Alifuma mgongo wote kwa uzi wa kijani kilichokolea. Karibu na pindo la chini usingizi wa dawa ulimpitia, akaruka kitanzi, likabaki tundu. Alipokuja kuliona alikuwa ameshapanda juu sana. Akamwita mtoto, akamwonyesha.

"Hapa mama yako alisinzia," akamwambia. "Mlango wa kidole chako huu."

Mtoto akaingiza kidole, wakacheka wote wawili. Kipande cha kifua hakukianza. Tulimzika sindano za kufumia zikiwa bado kwenye mfuko pamoja na mabonge ya uzi.

Baada ya msiba binti yangu hakuuliza mengi. Aliuliza moja tu: "Baba, sweta nani ataimalizia?"

Nikasema mimi.

Mimi ni fundi breki. Shule niliacha mapema. Kalamu ilinishinda, spana haijanishinda mpaka leo. Vidole vyangu ni vinene na kucha zina weusi usiotoka hata nikisugua kwa mchanga. Nikaenda kwa dada yangu, kwa sababu yeye ndiye mwenye ufundi huo. Sebuleni kwake hakuna makochi, kuna mashine za kufumia. Nusu ya watoto wa mtaa wanavaa sweta zake za shule.

"Nifundishe kufuma," nikamwambia.

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Wewe? Kaka, mikono hiyo ni ya kubomolea. Lete nimalize mwenyewe, Jumamosi unakuja kuchukua."

"Nimemwahidi mtoto nitamaliza mimi."

"Haya, bwana ahadi. Kaa hapo. Na usinichafulie uzi."

Alinifundisha, sitamnyima haki yake. Kuanzisha vitanzi, kitanzi cha mbele, kitanzi cha nyuma, kuhesabu kabla ya kugeuza. Nikikosea ananigonga vidole kwa sindano. "Unakaza! Hiyo siyo nati!" Kweli nilikuwa nakaza. Kwenye kazi yangu, kitu kisichokazwa kinaua watu.

Shida ilikuwa muda. Asubuhi namchemshia chai, nampeleka shule, naingia gereji. Nikitoka napika, nafua sare, natazama hesabu za darasa la tatu ambazo siku hizi wanazifanya kwa njia nisiyoijua. Nilifuma pale muda ulipochungulia: maharage yakichemka, au gereji nikisubiri mafuta ya zamani ya breki yachuruzike yaishe. Vijana wa pale walinigeuza sinema.

"Bibi, shikamoo! Sweta ya mjukuu imefika wapi?"

"Mzee, nifumie soksi. Mguu wangu namba kumi na moja."

"Lete uzi na adabu," nikamjibu huyo wa soksi. Wakacheka, nami nikaendelea na mstari wangu.

Lakini jioni zilikuwa zetu. Tukishamaliza kula, binti yangu anakaa mkekani, ameegemea goti langu, anashika bonge la uzi na kulizungusha kadiri ninavyovuta. Kipande cha mama yake anakitandaza mapajani, kidole kiko kwenye tundu. Hapo ndipo aliponisimulia mambo: nani kampiga nani, mwalimu kanuna kwa nini, mama yake alimnong'oneza nini hospitali siku nilipotoka kununua maji. Mtoto huyu mchana haongei. Ukimsalimia anaitikia, basi. Uzi ndio uliomfungua mdomo.

Kipande changu cha kifua kilipofika mabegani kilikuwa kigumu kama mkeka na kimevutika upande mmoja.

"Baba, chako kimekunja uso," akasema.

"Kinafanana na mwenyewe."

Akacheka. Ilibaki mikono tu ya sweta.

Ndipo lori la mteja likakwama njiani mbali, tajiri wangu akanituma nikalitengeneze huko huko. Nikampeleka mtoto kwa shangazi yake, na begi la nguo, na mfuko wa sweta kwa sababu hakukubali kuuacha. Lile lori lilinipotezea karibu wiki nzima.

Niliporudi, dada alinipokea mlangoni amechangamka kama mtu aliyeficha zawadi. "Nimekuokoa," akasema. Akamwita mtoto. Mtoto akatoka ndani amevaa sweta ya kijani, nzima, mikono yote, kola na vifungo. Hakunikimbilia.

"Mgongo uko wapi?" nikauliza.

"Mgongo gani?"

"Aliofuma marehemu."

"Si huo umevaliwa? Uzi ule ule. Kaka, mgongo ulikuwa na tundu, kubwa tu, hapa pindoni. Na kifua chako hakikuingiana nao hata kidogo. Ulivyokaza vile umekula uzi wote, mikono usingeipata, na rangi ile madukani haipo tena. Nikafumua vyote, nikafua uzi, nikauingiza kwenye mashine. Hebu tazama, mshono wenyewe huuoni."

Ni kweli, sikuuona.

"Ulimuuliza mtoto?"

"Mtoto anaulizwa nini juu ya tundu? Alirudi kutoka shule akakuta uzi umetundikwa kwenye kamba uani, nimeufungia chupa za maji unyooke. Akauangalia, akaingia ndani. Hata hakulia."

Nikamwambia tundu lile lilikuwa la nani. Akakaa kwenye stuli ya mashine.

"Ningejuaje mimi? Si ungeniambia?"

"Nilikwambia nimemwahidi nitamaliza mimi. Hilo ulilisikia."

"Nililisikia. Nikadhani ni ukaidi wako." Kisha akapandisha sauti. "Na ulitaka aende nayo shule vile imepinda, na watu wanajua shangazi yake ni fundi? Nimeacha oda za watu, mgongo unaniuma, yote kwa ajili ya mwanao! Shukrani yangu ndiyo hii?"

"Kwangu usije tena," nikasema. Sikupiga kelele. Nilichukua begi, nikamshika mtoto mkono.

Njiani binti yangu alikuwa anapapasa pindo la sweta kwa nyuma, anavuta, anapapasa tena.

"Baba, lilikuwa hapa au hapa?"

Nilikuwa nimeliona kila jioni. Nikainama nikatazama. Pindo lilikuwa sawasawa toka ubavu hadi ubavu, halina pa kushika. Sikuweza kumwonyesha.

Wiki iliyofuata nilinunua uzi mwingine, mwekundu, nikakaa mkekani baada ya kula. Nikamwita aje anishikie bonge.

"Nina kazi ya shule," akasema.

"Ukimaliza?"

"Ni nyingi, baba."

Akafunga mlango wa chumba. Nilifuma mistari kadhaa peke yangu, nikaacha. Sindano zimerudi mfukoni.

Dada alishamtuma jirani mara mbili na salamu. Mara zote nimesema zimefika.

Sweta ipo. Inamkaa vizuri, walimu wanauliza ni nani aliyeifuma. Imegharimu hivi: mgongo mmoja, alioufuma mama yake. Kifua kimoja kilichokunja uso. Dada mmoja, na sikuwa na mwingine. Na jioni zote.