Matope Ndani ya Matete

Mshale wa kipimo cha presha ulianza kushuka saa nne asubuhi, na Radjabu aliuona kabla ya mtu mwingine yeyote. Alikuwa fundi wa injini za malori kutoka mtaa wa Buyenzi, na kazi yake pale ufukweni ilikuwa kukoroga udongo laini na maji, kisha kuusukuma ndani ya bomba la kutobolea. Mashine ilikuwa ikitoboa chini kwa chini, kupita chini ya matete hadi kwenye kina cha ziwa, ili bomba la maji lipite bila kufyeka mahali ambapo vifaranga vya samaki wa sangala hujificha na kukua. Udongo ule ndio ulioshikilia tundu lisibomoke. Presha ikishuka, maana yake udongo umepata ufa na unatoroka.

Zilibaki mita arobaini tu.

Enjenia Sylvère, mkubwa wa kazi, alikuwa amegeuka kusikiliza milipuko ya upande wa mtaa wa Musaga. Julai ile ya 2003 vita vilikuwa vimeingia mjini, na wenye mashine walitaka ipakiwe melini kesho yake, irudi Kigoma. Kusema neno kungekuwa kusimamisha kazi, na mashine ingeondoka kabla ya kumaliza. Na kule mtaa wa Kinama, Houda, dada yake Radjabu, alikuwa amezika watoto wawili kwa kipindupindu ndani ya wiki moja, kwa sababu ya maji ya mtoni; bomba hili ndilo lingewaletea maji safi.

Radjabu akanyamaza, akaongeza udongo.

Adélaïde, mama wa idara ya uvuvi, alikuwa mtumbwini akilinda matete. Alipiga filimbi mara nyingi, lakini mabomu yaliimeza. Mwishowe alipiga kasia hadi ukingoni, akaruka majini na viatu vyake.

"Simamisha! Matope inatoka ndani ya matete, inachemka kama uji!"

Sylvère akazima mashine. Walipojaribu kurudisha bomba nyuma, chuma kililia, kikakatika. Tundu lilikuwa limebomoka.

"Presha ilishuka saa ngapi?" Sylvère akauliza.

Radjabu angeweza kudanganya kwamba ni sasa hivi tu.

"Saa ine, shefu. Mi niliiona."

"Na haukusema kitu?"

"Nilifikiri tutafika."

Sylvère alikaa chini kwenye mchanga, akashika kichwa. Adélaïde hakugomba. Alimwambia Radjabu aingie mtumbwini aone mwenyewe.

Maji yalikuwa ya kijivu, mazito. Vifaranga vililala juu ya matope, midomo wazi. Radjabu alichota vichache kiganjani akavisuuza, kana kwamba vingeamka.

"Na watu ya Kinama watakunywa nini, mama?"

"Mi sijue," alisema Adélaïde, akiangalia pembeni.

Mashine iliondoka. Kwa siku nane Radjabu alirudi na beseni kuzoa matope kwenye mizizi ya matete, Adélaïde akimshikia mtumbwi. Siku ya tisa mabomu yaliangukia karibu na bandari, wanajeshi wakafunga barabara. Hata nusu hawakuwa wamemaliza.

Akaenda Kinama kumwambia Houda ukweli wote, tangu ule mshale.

"Ulinyamaza sababu yangu mimi?" Houda akauliza.

"Ni sababu yangu mwenyewe."

Houda alichukua bidoni tupu ya maji, akatoka kwenda mtoni. Radjabu akachukua ya pili, akamfuata kwa nyuma.