Mstari Mwekundu wa Clive

Mume wangu Clive hajawahi kutupeleka likizo mahali pasipo na ndege. Majirani zetu hapa mjini Wigan huwapeleka watoto ufukweni. Sisi tunakaa kando ya uzio wa uwanja wa ndege, tunatafuna mikate ya soseji iliyopoa. Kila ndege ina namba yake mkiani. Ukiiona, unaitafuta kwenye kitabu cha orodha, unaipigia mstari mwekundu kwa rula. Raha yote ndiyo hiyo, na sheria ni moja: usiyoiona kwa macho yako hupigi mstari. Binti yetu Bryony, mwenye miaka kumi, alifundishwa sheria hiyo kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

Jumamosi ile Clive alikuwa amebakiza namba moja tu kwenye ukurasa wa ndege za mizigo. Miaka kumi na moja anaiwinda. Tulifika uzioni alfajiri, na ilipogonga saa nne usingizi ukamchukua garini, mdomo wazi. Ndege yenyewe ikaja. Bryony akamtikisa, mimi nikamfinya. Akatutukana, akageukia upande wa pili. Mtoto akatoka mbio peke yake kwenye mvua, akaitazama ikitua mpaka ikapotea nyuma ya maghala. Akarudi amelowa chapachapa, akapiga mstari kwenye kijitabu chake.

Clive alipoamka tukamwambia. Akafungua kitabu chake, akachukua rula, naye akapiga mstari. Bryony alikuwa anamwona kutoka kiti cha nyuma. Mimi niligeuza uso dirishani, na hilo silijivunii.

Mchana tukafika kwenye makumbusho ya ndege, ambako wenzake wa kuwinda namba walikuwa wanamngoja mgahawani. Clive akawasimulia jinsi alivyosimama mvuani akiitazama inashuka. Akaongeza kwamba mtoto alikuwa amelala fofofo, maskini, akaikosa. Nikaisukuma chai yangu pembeni.

Desmond, mkubwa wao, akauliza kama kifuniko cha injini ya tatu bado ni cha buluu. Clive akaanza kukoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

"Ni cha kijani," Bryony akasema. "Wamekibadilisha."

"Wewe si ulikuwa umelala?" Desmond akamuuliza.

"Nilimsimulia mimi," Clive akadakia, akimpapasa mtoto kichwani. "Kwa kumbukumbu huyu, usipime."

Bryony alinitazama mimi kwanza, kisha baba yake. "Ndiyo," akasema. "Baba alinisimulia."

Wakampa Clive mikono, wakamnunulia keki. Niliangalia vidole vyake vikiimega, nikashangaa kwamba nimelala na mtu huyu kitanda kimoja miaka kumi na mitatu.

Walipoinuka kwenda mabandani kuzitazama ndege, Bryony alibaki kitini. Alikuwa amefungua orodha ya ndege za makumbusho, anapiga mistari, ukurasa baada ya ukurasa. Nikamwambia hizo hajaziona bado. Akajibu kwamba hana haja, huko nje kuna baridi.

Clive akarudi kuchukua darubini aliyoisahau mezani. Akainama juu ya bega la mtoto, akaona anachokifanya. Nilisubiri. Nilitaka aseme neno, hata la ukali.

"Ishike rula vizuri, mwanangu," akasema. "Mistari yako inapinda."