Gololi Nyeusi ya Mwaka 1968

Kitabu cha miaka mia ya tawi la Omikroni Rho kilikuwa tayari, ila ukurasa mmoja. Mwandishi wake Harlan Teague, mzee wa miaka sabini na sita, alishaorodhesha vigogo wote waliopitia chama kile cha udugu cha wanafunzi wa chuo pale Ohio, Marekani: jaji, seneta, hata yule tajiri wa matrekta ambaye hesabu zilimpiga chenga mpaka mwisho. Kilichomshinda ni mwaka 1968.

Mwaka ule Curtis Bellamy, kijana mweusi wa kwanza kuomba kuingia, alipigiwa kura. Kila ndugu, yaani mwanachama, alitumbukiza gololi sandukuni: nyeupe kumkubali, nyeusi kumkataa, na nyeusi moja ilitosha. Harlan alimpenda sana Curtis. Lakini aliamini wenzake wangemkataa tu, naye, mwoga yule, hakutaka kubaki peke yake. Akatumbukiza nyeusi. Sanduku lilipofunguliwa, nyeusi ilikuwa moja tu.

Lawama ikamwangukia mwenzao Merle Stroud, eti kwa kuwa alitoka Mississippi, jimbo la kusini lililosifika kwa ubaguzi. Wakamsusa mpaka akaacha chuo, na Harlan alimsusa kuliko wote. Curtis akaenda zake, akawa daktari bingwa wa moyo, na sasa wakubwa wa chama walitaka kitabu kimtaje Merle kwa jina kuwa ndiye aliyemkataa.

Jumapili asubuhi Harlan akaenda kwa Merle, roho ikimsuta njia nzima.

"Ndugu Teague!" Merle alimcheka kutoka barazani. "Umekuja kunizika? Mbona bado napumua?"

"Merle, ile gololi ilikuwa yangu."

Kicheko kilikatika. Harlan alingoja tusi, hata kofi; angelipokea kwa shukrani.

"Nilikuapia kwamba niliweka nyeupe," Merle alisema. "Ukanitemea mate."

"Nilikutemea. Nisamehe, bwana."

"Msamaha ungoje kwanza." Merle aligeukia mlangoni. "Noreen! Acha hizo pai, mke wangu, njoo huku!" Kisha akashusha sauti. "Alikuwa pale chuoni, maneno yote aliyasikia. Miaka hamsini ya ndoa, Harlan. Aliniuliza mara moja tu, na najua hakuniamini."

Noreen akatokea, mikono imejaa unga.

"Haya, rudia," Merle alisema. "Polepole, asikose hata neno."

Harlan alivua kofia, akarudia yote. Noreen hakumtazama hata mara moja. Alikuwa akimtazama mumewe.