Wati za Marehemu

Fundi wa sola alikuwa mwanamke, na alipofika wala hakuangalia paa. Alikaa kwenye kigoda jikoni, akatoa daftari, akaniuliza vitu vyote vinavyotumia umeme humu ndani, kimoja kimoja, na kila kimoja kinatumika saa ngapi kwa siku.

Mimi nimepaua nyumba za watu miaka thelathini na moja. Mtu akija kwangu kuweka kitu juu, nategemea apande juu. Nikamwambia hivyo.

"Paa lipo tu, baba, halikimbii," akasema. "Sola inaanzia huku chini, kwenye matumizi."

Binti yangu akacheka. Huyu ni kitinda mimba wangu, ana miaka kumi na tisa, na fundi nilimwita kwa ajili yake. Mwezi wa tatu walimkuta na sukari, ile ile ya mama yake, na sasa anajidunga sindano kila siku. Jumatatu iliyofuata kliniki ingempa dawa ya miezi mitatu kwa mpigo. Dawa hiyo lazima ikae kwenye baridi. Ikipigwa na joto haitoi harufu kama maziwa, wala haikwambii kitu. Inakufa kimya kimya, na wewe unajidunga maji ukidhani unajitibu.

Hayo sikuyasoma popote. Miaka miwili iliyopita umeme ulikatika siku sita mfululizo, katikati ya joto la kukausha mate. Siku ya saba ukarudi. Friji ikaunguruma, dawa ya mke wangu ikapoa tena, kwa macho ikawa dawa nzima. Akaendelea kujidunga. Wiki mbili baadaye nilimzika. Nikapeleka barua ofisi ya umeme, nao wakajibu mistari miwili: ilikuwa hitilafu ya kawaida, wanaomba radhi kwa usumbufu. Mke niliyekaa naye miaka ishirini na saba, leo anaitwa usumbufu.

Kwa hiyo sikutaka sola ya kusaidiana na umeme wao. Nilitaka waya wao utoke kwenye paa langu.

"Nyumba nzima," nikamwambia fundi. "Wasinidai senti, wasinidai asante."

"Haya. Taja vitu, baba."

Nikataja. Friji. Taa saba. Televisheni, redio, feni mbili. Jagi la kuchemshia maji. Jiko la umeme la sahani moja. Blenda. Pasi.

"Pasi kwa siku saa ngapi?"

"Nusu saa. Jumamosi saa nzima."

Binti yangu aliinua macho, akaniangalia, akayashusha. Fundi akabonyeza simu yake, akaandika, akabonyeza tena, kisha akanigeuzia daftari. Paneli kumi, betri nne, inveta kubwa ya kugeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani, nyaya na ufundi: milioni saba na laki mbili.

Mimi nilikuwa na milioni mbili na nusu, nayo kila noti nilikuwa naijua kwa sura.

"Hii ni bei ya kuweka sola au ya kununua jua lenyewe?"

"Vya kupasha moto ndivyo vinavyokula, baba. Pasi moja inakula kama friji kumi." Akafunga daftari. "Halafu kama unataka kukata waya kabisa, ofisi ya umeme lazima ije ikague. Ada yao ni laki moja na nusu."

"Niwalipe ili waniache?"

"Mimi ni fundi tu, baba. Kawaulize wenyewe."

Kesho yake asubuhi nikaenda. Macho yangu mahali popote hutangulia juu, ni ugonjwa wa kazi, kwa hiyo kabla sijaona mlango wa ofisi ya umeme nilikuwa nimeshaona paa lake. Nikahesabu, nikadhani nimekosea, nikarudi nyuma hatua tatu nikahesabu upya. Paneli kumi na mbili. Mpya, zimelazwa vizuri, mafundi wake walijua kazi. Wanaouza umeme hawauamini umeme wao.

Foleni ilinipa muda wa kuchemka. Nilipofika dirishani, karani alikuwa kijana mwenye adabu, na adabu yake ikanizidishia hasira.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hizo paneli huko juu ni za nani?"

"Za ofisi, mzee. Umeme ukikatika kazi isisimame."

Aliyasema hayo kama mtu anayesema leo ni Jumatano.

"Na kwangu ukikatika, kikasimama kitu kingine?"

"Hilo si la dirisha hili, mzee."

"La dirisha lipi?"

"Ungeandika barua."

"Niliandika. Mlinijibu mistari miwili."

"Una bahati, mzee," mtu wa nyuma yangu kwenye foleni akadakia. "Mimi mwaka wa pili huu, sijapata hata nukta."

Watu wakacheka. Nikauliza habari ya ada. Karani akanieleza polepole, kama anavyoelezwa kiziwi: anayeondoa waya wao analipa ukaguzi. Anayebaki na waya, akajiwekea paneli zake pembeni za kuendesha vitu viwili vitatu, halipi chochote.

"Yaani nikiwaacha nawalipa, nikibaki ni bure."

"Ndivyo fomu inavyosema, mzee."

"Fomu iliandikwa na nani?"

"Na wakubwa."

"Mwenye nguvu mpishe, eh?"

"Mzee, nyuma yako kuna watu."

Nilirudi nyumbani kwa miguu ili hasira ichoke. Haikuchoka. Nilimkuta binti yangu mezani na ile karatasi ya orodha aliyoachiwa na fundi, kalamu mkononi, hajaandika kitu.

"Baba, hii pasi ni ya nani?"

"Ya nyumbani."

"Wewe hujapiga shati pasi tangu nimezaliwa. Mimi zangu nazikunja nazilaza chini ya godoro." Akashusha kalamu mstari mmoja. "Jagi hulipendi, unasema chai yake haina moshi. Blenda iliungua. Feni ya chumbani umetaja saa nane, na wewe tangu msiba unalala sebuleni."

"Unataka kusema nini?"

"Umehesabu nyumba ya watu watatu, baba. Unamnunulia mama umeme."

Nilimwambia afunge mdomo wake. Sijawahi kumwambia mtoto huyu neno hilo. Nikaendelea, maana hasira ikishapata mlango haiulizi nani yuko ndani. Nikamwambia yeye hajui aliyemuua mama yake, kwamba waya ule unaoingia juu ya kichwa chake ndio ule ule, kwamba nitauza hata ngazi zangu lakini waya utatoka, na wale waliokaa chini ya paneli kumi na mbili watajua kuna mtu mmoja mjini hapa asiyewahitaji.

Alisubiri mpaka nikamaliza.

"Ukiuza ngazi utapauaje?" akauliza. "Na hao watu hawatajua kitu, baba. Hata jina lako hawalijui. Wewe unataka kuwakomoa. Mimi nataka dawa yangu ipoe."

Akanisogezea karatasi na kalamu, akatoka kwenda kuanua nguo.

Nilikaa na ile orodha. Ni kweli nilikuwa naiona Jumamosi: meza hii hii, blanketi limetandikwa, yeye ananyunyizia maji kwa vidole na kunisimanga kuhusu kola. Kila kitu nilichokuwa nimemtajia fundi nilikitaja kwa saa za marehemu. Pasi yake, jagi lake, blenda ya juisi yake isiyo na sukari. Ndiyo maana ikafika milioni saba. Nikaweka kalamu kwenye pasi nikaikata kwa mstari. Ilinichukua muda mrefu kuliko kukata mengine yote.

Fundi nilimpigia jioni ile ile. Friji, taa tatu, na kuchaji simu.

"Hapo tunazungumza," akasema. "Paneli mbili, betri moja nzuri, inveta ndogo. Milioni moja na laki tisa. Au moja na saba, ukipanda mwenyewe kufunga fremu za juu."

"Nani mwingine atapanda paa langu?"

Alhamisi nikapanda. Fremu nikazifunga kwenye mbao, siyo kwenye bati, na kila tundu nikaliziba kwa lami. Waya wao ulikuwa unapita hatua moja kutoka mkono wangu, na koleo lilikuwa kiunoni. Nililishika. Nikaliachia. Chini, fundi alikuwa anaunganisha betri, na alipomaliza akawasha, friji ikatetemeka ikaanza kazi. Binti yangu alikuwa ameweka kipimajoto ndani. Kila baada ya dakika kadhaa alikuwa anafungua kusoma, mpaka fundi akamwambia kwamba akiendelea kufungua namna hiyo atakuwa anapoza jiko zima.

Kisha fundi akaniandikia risiti. Milioni moja na laki saba. Niliitazama ile namba nikiwa nimesimama.

"Miaka miwili iliyopita hii ingekuwa shilingi ngapi?"

Akafikiri. "Ingezidi kidogo, baba. Laki moja, laki mbili."

Mwaka ule, chini ya kitanda, nilikuwa na milioni mbili kasoro kidogo. Nilikuwa naweka akiba ya kubadili mabati ya paa hili. Tulikuwa tunalala juu ya zile pesa, mimi na yeye, na friji imezima siku sita. Daktari alisema ikae kwenye baridi, akageukia mgonjwa mwingine. Ofisi ya umeme walijua, wakajiwekea zao. Na mimi niliyewahi kufunga fremu za namna hii kwa matajiri, nikachukua ujira wangu, sikuuliza bei. Nilidhani ni vitu vya watu wengine. Hawa wa juu nitawalaumu mpaka nakufa, lakini siku ile fungu langu la lawama nililiona.

Jumatatu tulikwenda kliniki pamoja. Benchi lilikuwa limejaa watu, wengi wameshika chupa za chai zenye barafu ndani, za kubebea dawa. Nesi akaanza kuita majina na kusema maneno yale yale kwa kila mmoja: weka kwenye baridi, usiache ipate joto. Alipofika kwa binti yangu nikasimama.

"Waambie na bei," nikasema.

"Bei ya nini, mzee? Dawa ni bure."

"Ya baridi." Nikatoa risiti mfukoni, nikawageukia wale wa kwenye benchi. "Paneli mbili, betri moja, inveta ndogo. Friji tu, pasi usiweke. Milioni moja na laki saba. Ni nyingi, lakini si nyingi kama mnavyodhani."

"Baba," binti yangu akanivuta shati.

"Mzee, hapa si sokoni," nesi akasema.

"Sokoni ningewaambia ili nipate nini? Wenye shida wako hapa."

Kwenye benchi mama mmoja alikuwa ameshaweka chupa yake sakafuni na anapekua mkoba. Akatoa kalamu, akageuza kadi yake ya kliniki upande usioandikwa.

"Rudia polepole, baba," akasema. "Betri umesema ngapi?"