Redio ya Marehemu

Kitonga, fundi wa redio pale Emali, alikuwa amejisifu kwa kila mgeni kwa kazi moja. Redio ya mbao ya marehemu baba yake aliitoa matumbo yote, akaficha ndani nyaya na vikorokoro vya ile kompyuta anayotazamia filamu sebuleni. Mama yake ndiye aliyeileta itengenezwe. Kitonga alimwambia spea hazipatikani, na hata kuzitafuta hakuzitafuta.

Jumapili hiyo mama akatokea kutoka Kikima bila kupiga simu. Kuiona redio mezani, taa ya vikorokoro ikiwaka ndani yake, akapiga makofi. "Asante Yesu! Kumbe ilipona, na hukuniambia!"

Kitonga alitaka kusema ukweli. Badala yake akakimbilia jikoni kupika chai, mtu mzima na ndevu zake.

Aliporudi, mama alikuwa ameshachomoa nyaya na kuifunga redio kwa leso aliyojitanda, tayari kurudi nayo nyumbani. Akaipima mikononi, uso ukabadilika.

"Mbona nyepesi hivi? Ama uliitoa mawe ya betri?"

"Ndiyo, mama. Niliyatoa."

Na kwa aibu akatoka mbio hadi dukani, kununua mawe mapya ya kutia kwenye sanduku lisilo na matumbo ya redio.