Vigae vya Jerónimo

Saa mbili na dakika tano asubuhi, Jumamosi tarehe 6 Aprili 2024, lori dogo lilisimama mbele ya kanisa la Mute likiwa na vigae vyeupe, mifuko minne ya saruji na masufuria matatu makubwa. Natália, aliyekuwa ameshamaliza kufagia kaburi la mama yake, alimwona mdogo wake Jerónimo akishuka na fulana yenye picha ya mama. Picha ilikuwa imevutwa mpaka mama akapata mashavu ya mtu mwingine.

"Dada, umeona? Leo Mama Lurdes atalala kama binadamu."

"Na hii miaka mitatu amelala kama nani?"

Jerónimo alikuwa ameshageuka kuwaonyesha mafundi mahali pa kushusha majembe. Mpango wake alikuwa ameueleza kwenye simu kutoka mji wa Pemba, kule kusini anakoishi: baada ya misa ya kumbukumbu, mifupa ifukuliwe, ihamishiwe ubavuni mwa kanisa, mama alazwe chali, kaburi livishwe vigae. Sababu ni kwamba mama alizikwa kwa ubavu, uso ukielekea kibla. Hilo lilikuwa kweli. Lakini karatasi ya historia ya marehemu, aliyompa Natália aisome kwa kuwa ni mwalimu, ilisema kwamba alizikwa "na watu wasiomjua Mungu". Natália alipiga mstari chini ya maneno hayo, kama anavyofanya kwenye daftari la mwanafunzi mvivu.

Lurdes aliletwa Mute kutoka Mueda akiwa bibi harusi. Kwa miaka ishirini na miwili aliongoza sala za Jumapili, maana padri alifika mara mbili tu kwa mwaka. Kusoma kulimpa tabu. Masomo aliyakariri, majina ya manabii akiyachanganya bila wasiwasi. Na kila Ramadhani alihamishia jiko ndani, akapika huku akikohoa moshi, ili harufu isiwafikie majirani zake, Abacar na mkewe Chamima, waliokuwa wamefunga. Hakumwambia mtu sababu. Chamima naye, Ijumaa za Kwaresma, alimletea samaki, akidai kwamba wamebaki. Mute ni kijiji cha wakulima, samaki hawabaki.

Sasa zilikuwa siku za mwisho za Ramadhani, na wapishi wa Jerónimo walikuwa wanakaanga nyama ya mbuzi uani kwa Lurdes, mkabala na mlango wa Abacar.

"Unawakaangia mbuzi puani watu waliofunga?" Natália aliuliza.

"Ua ni wa mama yetu, dada. Siombi ruhusa kwa mtu."

"Mama naye hakuomba. Alihamia ndani. Ungekuwa unakuja nyumbani ungejua."

"Unaanza."

"Kibali cha kufukua unacho?"

"Padri atasema neno, basi."

Misa ilipokwisha, Padri Zacarias alimwita Natália mbele. Abacar na Chamima walikuwa wamekaa benchi la nyuma kabisa. Jerónimo aliinua simu ili arekodi. Natália aliikunja karatasi.

"Machi 2021 waasi walishambulia, watu wakakimbia. Mama alikuwa na malaria, hawezi kutembea. Jerónimo alisema analeta gari. Gari halikuja. Mimi nilikuwa Montepuez, nikaamini gari limekuja, sikuuliza tena. Abacar na Chamima hawakukimbia, kwa sababu mgonjwa angebaki peke yake. Alikufa tarehe 6 Aprili, siku mbili baada ya Pasaka. Aliyemwosha: Chamima. Aliyechimba kaburi: Abacar. Watoto waliokuwepo: hakuna."

Simu ya Jerónimo ilishuka taratibu.

"Dada, unaniaibisha mbele ya watu."

"Rekodi. Si ulitaka historia?"

Padri alimgeukia Abacar. "Mzee, na ule msalaba wa mbao kichwani pake, nani aliuweka?"

Abacar alisimama. "Mimi, padri. Ni mbao za kitanda chetu. Kuzika tunajua namna moja tu, tukamzika hivyo. Lakini mama watoto akasema, Lurdes bila msalaba atatulalamikia huko huko."

Mtu mmoja alicheka, kisha kanisa zima. Jerónimo peke yake ndiye aliyeangalia sakafu.

"Afukuliwe?" padri aliuliza.

"Kama hana raha, afukuliwe," alisema Chamima. "Ila mimi nilimlaza vizuri."

Padri alichukua maji ya baraka, akatoka, akalinyunyizia kaburi pale pale lilipo. Majembe hayakuguswa. Natália alikwenda uani, akashika sufuria la kwanza kwa kitambaa, akaliingiza ndani. Wapishi wakafuata na mengine. Jerónimo alipiga picha moja kando ya msalaba wa mbao, akajiangalia kwenye simu, akaifuta, akapiga nyingine.

Saa saba na dakika kumi mchana lori liliondoka Mute kuelekea kusini, na vigae vyote juu.